Anayerudi na Jibu

"Shikamoo mama mdogo. Nimechukua fomu ya kugombea ukaka mkuu. Naomba unisaidie hotuba, ila iwe ya Kiingereza kizito, maana mwenzangu ninayeshindana naye anakijua."

Ujumbe huo wa sauti kutoka Morogoro, wa mtoto wa dada yangu aliye kidato cha tatu, niliusikiliza nikiwa jikoni hapa Trondheim, napaka siagi mkate wa binti yangu wa kwenda nao shule. Ilikuwa Agosti mwaka jana, wiki ya pili tangu shule za Norwei zifunguliwe. Binti mwenyewe alikuwa ameinama mlangoni anafunga kamba za viatu. Akaniambia, bila kuinua kichwa, kwamba na yeye anafikiria kujitokeza. Darasa lao la nane lilikuwa linachagua mwakilishi wake Alhamisi ya wiki hiyo.

Nilifurahi kupita kiasi. Kampeni za shule nazijua. Nimegombea, nimeshinda, nimeongoza. Usiku ule niliandika hotuba mbili. Ya Morogoro niliijaza Kiingereza kama nilivyoombwa. Ya Trondheim niliiandika kwa Kinorwe changu cha ukubwani, ukurasa mzima, nikamtaka binti yangu aahidi mambo matatu: chakula cha moto badala ya mikate ya kubeba, kazi za nyumbani zisitolewe siku za Ijumaa, na safari ya mwisho wa mwaka.

Aliisoma amesimama, akanirudishia karatasi yangu kwa adabu. "Mama, siwezi kusema haya. Mimi siyo ninayeamua chakula. Nikisema nitaleta chakula cha moto, wataniuliza nitakileta vipi."

Sikuwa na jibu. Nimelitafuta tangu siku ile, na makala hii ni sehemu ya kulitafuta.

Kwanza nieleze huku mambo yanavyokwenda. Sheria ya elimu ya Norwei inataka shule ziwe na baraza la wanafunzi kuanzia darasa la tano. Wao huliita elevråd. Kila darasa hutoa mwakilishi wake, na mwakilishi huyo ana jina ambalo nilipoishi hapa miaka michache ya mwanzo lilinipita tu masikioni: tillitselev. Tillit ni imani, ile ya kumwamini mtu. Elev ni mwanafunzi. Kwa hiyo mtoto wa miaka 10 anaitwa, kwa neno la kawaida kabisa la shuleni, mwanafunzi aliyeaminiwa. Hata mfanyakazi anayewasemea wenzake kwa mwajiri, kupitia chama cha wafanyakazi, huitwa kwa neno lenye mzizi huo huo, tillitsvalgt, aliyechaguliwa kwa kuaminiwa. Mtoto hulisikia neno mapema, halafu hulikuta tena kazini akiwa mtu mzima.

Uchaguzi wenyewe ulifanyika ndani ya kipindi kimoja, darasani. Hapakuwa na jukwaa wala mabango. Mwalimu, ambaye wanafunzi wanamwita kwa jina lake la kwanza kama wanavyowaita walimu wote hapa, aliandika ubaoni kazi za mwakilishi: kuhudhuria vikao, kupeleka hoja za darasa, kurudi kulieleza darasa kilichoamuliwa. Waliojitokeza walikuwa wanne. Kila mmoja alisema sentensi mbili au tatu. Kisha mwalimu akawauliza swali moja, wote wanne swali lile lile: utafanyaje darasa likikutuma jambo ambalo wewe mwenyewe hulitaki? Vikaratasi vikakunjwa, vikahesabiwa mbele ya wote. Akashinda mvulana mmoja mkimya ambaye, kwa maelezo ya binti yangu, mwaka uliotangulia ndiye aliyekuwa akiandika yaliyosemwa kwenye kazi za vikundi na kuwatumia waliokuwa wagonjwa nyumbani. Binti yangu akawa wa pili, kwa hiyo akawa msaidizi wake.

Nilimuuliza binti yangu, yule mvulana alisema nini hata akawashinda. Alifikiri kidogo. "Alisema ataandika kila kitu."

Watu wa hapa hawapendi mtu anayejikweza. Wana hata jina la tabia hiyo, Janteloven, sheria ya Jante, kutoka riwaya ya Aksel Sandemose ya mwaka 1933, ambamo mji mmoja mdogo una amri zake, na kiini cha amri hizo ni kwamba usijione wewe ni mtu wa maana kuliko sisi. Tabia hii ina ubaya wake, na waliolelewa humo huulalamikia. Huweza kumzima mtoto mwenye kipaji kabla hajawaka. Lakini siku ya uchaguzi wa darasa ilifanya kazi ambayo kwetu huachiwa methali. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Waliokuwa wakichagua walikuwa wamekaa na hawa wanne miaka saba, hawakuwa na haja ya kuuziwa mtu wanayemjua.

Sasa nije nyumbani. Nilisoma shule ya bweni ya wasichana mkoani Iringa, mwanzoni mwa miaka ya 2000. Uongozi ulianza kwa fomu. Baada ya fomu ukaja mchujo: orodha ndefu ya majina ikaingia ofisi ya walimu, ikatoka fupi. Hatukuambiwa sababu, lakini tulizijua. Aliyewahi kuandikwa kwenye kitabu cha makosa hakupita. Mwenye wastani mdogo hakupita. Na aliyewahi kusimama kwenye baraza la shule akauliza swali lililowaudhi wakubwa, huyo naye hakupita, hata awe na wastani gani.

Waliobaki walipewa siku tatu za kampeni. Nyimbo zilitungwa mabwenini, kanga zilifungwa viunoni, marafiki wakawapigia debe wagombea wao kwenye foleni ya maji. Jumamosi usiku tukajazana bwaloni kusikiliza hotuba, dakika tano kila mtu, kwa Kiingereza. Ninamkumbuka msichana mmoja wa bweni letu. Alikuwa akisuluhisha ugomvi wa watu wazima, nasema kweli, hata metroni alikuwa akimwita usiku. Kwa Kiswahili alikuwa na maneno ya kumtuliza mtu aliyekwisha kushika ndoo kumpiga nayo mwenzake. Jumamosi ile alipanda mezani akatetemeka kwa Kiingereza, akasahau, watu wakacheka, akashuka. Sijawahi kuacha kufikiri kwamba shule yetu ilipoteza kiongozi wake bora usiku ule, na tuliompoteza ni sisi tuliocheka.

Mimi Kiingereza kilinibeba. Niliahidi wali kila Jumapili na maharage yasiyo na wadudu. Nikapigiwa makofi, nikawa kiranja wa chakula.

Nataka kuitendea haki kazi ile, kwa sababu wenzangu wa huku nikiwasimulia hudhani kiranja ni mtoto anayeandika majina ya wapiga kelele basi. Kila siku saa kumi jioni nilikwenda stoo na mwalimu wa chakula. Tulipima unga, tulipima maharage, tulipima mafuta, nikatia sahihi kwenye daftari. Nilikuwa na miaka 17, na bila sahihi yangu chakula cha watu zaidi ya 600 hakikutoka stoo. Nilijua gunia lenye unyevu kwa kuliinua tu. Nilipanga zamu za kuosha masufuria, nilisimama kwenye kichwa cha foleni na upawa, nikahakikisha wa mwisho kidato cha kwanza anapata kama wa kwanza kidato cha nne. Binti yangu na wenzake wa baraza la hapa hawajawahi kushika ufunguo wa kitu chochote. Wanasikilizwa, wanaandikwa, wanashukuriwa. Hakuna siku ambayo shule italala njaa kwa sababu wao wamezembea. Uzito ule tuliobebeshwa sisi ulitukomaza kwa namna ambayo sioni ikitokea huku, na sitaki kujifanya kwamba hauna thamani.

Lakini masika ya mwaka ule maharage yaliharibika. Yalikuwa na wadudu kiasi kwamba yakichemka wanaelea juu. Wanafunzi wakanituma. Walikutana mabwenini, bila kelele, wakanipa maneno ya kusema: yabadilishwe. Nilikwenda. Ofisini nikaambiwa mzabuni amekwisha kulipwa ya muhula mzima, mengine hayapo mpaka Juni. Nikaambiwa pia nisiende kuwatia watu taharuki.

Nikarudi, nisiseme neno. Kwa wiki mbili nilipita mlango wa nyuma wa jiko. Nilijiambia nasubiri wakati mzuri. Wenzangu wakasubiri siku tatu, nne, kisha wakaamua kwamba nimenunuliwa kwa finyango za nyama za meza ya walimu. Sikuwa nimenunuliwa. Niliogopa tu kurudi mikono mitupu mbele ya watu niliowaahidi. Siku moja kwenye foleni, mtoto wa kidato cha kwanza, mdogo hata sahani inamzidi, akanyanyua uso akaniuliza taratibu, "Dada, ulifika?"

Hakuuliza kama nimefaulu. Aliuliza kama nilifika.

Mwaka uliofuata, nikiwa kidato cha nne na nimeshakabidhi madaraka, tatizo lilijirudia. Aliyenipokea, msichana ambaye hotuba yake siikumbuki hata kidogo, alitoka ofisini akaenda moja kwa moja bwaloni, akapanda juu ya benchi, akasema: nimekwenda, wamekataa, sababu ni hii, mengine yanakuja mwezi wa sita. Kulizuka makelele. Akayaacha yaishe. Kisha mtu akasema kutoka nyuma, basi tuyachambue. Kila bweni likatoa watu kumi jioni, sinia zikatandazwa kwenye majani mbele ya jiko, na maharage yakachambuliwa mpaka shule ikafungwa. Suluhisho lile lilikuwepo hata mwaka wangu. Lilikosekana kwa sababu mimi niliyekuwa na habari sikuileta.

Lugha yetu ilikwisha kulisema jambo hili zamani. Kabla ya kura, mtu anaitwa mgombea, na ndani ya neno hilo kuna kugomba, kuna ugomvi. Ni mtu anayevutana na wenzake juu ya kitu. Kura zikihesabiwa, jina linabadilika. Anayeingia kwenye baraza anaitwa mjumbe, na mjumbe kwa asili ni mtu aliyetumwa. Anabeba ujumbe kwenda, na mjumbe yeyote anayejua kazi yake anabeba ujumbe kurudi. Tunasema mjumbe hauawi kwa sababu tulijua tangu kale kwamba majibu mengine ni machungu, na lazima awepo mtu wa kuyaleta bila kuogopa shingo yake. Shule zetu huwafundisha watoto kugombea kwa siku tatu. Ujumbe hakuna anayewafundisha.

Tena kiranja wa kwetu hakuanzia kuwa mjumbe. Mfumo wa viranja tuliupokea kutoka shule za Kiingereza wakati wa ukoloni, na ndani yake kiranja ni mkono wa mwalimu unaofika mahali mwalimu hafiki. Ametumwa, lakini ametumwa na wa juu kwenda kwa wa chini. Mwanafunzi anapomtazama anaona askari. Majirani zetu Wakenya walilipia picha hiyo kwa damu: mwaka 1999, katika shule moja ya wavulana Nyeri, viranja wanne walichomwa moto na wanafunzi wenzao wakiwa wamelala kwenye chumba chao, wakafa. Walikuwa watoto, walioandika majina ya watoto wengine kwa sababu ndivyo walivyoagizwa. Mwaka 2008 wimbi la migomo likapita katika mamia ya shule za sekondari za Kenya, na mwaka 2009 wizara ya elimu, ikisaidiwa na UNICEF na wakuu wa shule, ikaanzisha baraza la wanafunzi wa sekondari ili viongozi wachaguliwe na wanafunzi badala ya kuteuliwa na walimu. Naiona hatua hiyo kuwa ya maana kuliko wengi wanavyoikumbuka. Haikumaliza migomo, ila ilibadilisha upande anaotokea mjumbe.

Vyuoni hali ni nyingine, na hapo nina wasiwasi zaidi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina serikali ya wanafunzi, DARUSO, yenye rais, mawaziri na bunge lake, na vyuo vingi nchini vimeiga sura hiyo. Kila msimu wa uchaguzi, mgombea hupanda jukwaani akazungumzia bumu, yaani fedha za kujikimu zinazotoka Bodi ya Mikopo. Ataahidi litoke mapema, ataahidi liongezeke. Ukumbi hulipuka. Lakini bodi ile, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2004, haipokei amri ya rais wa wanafunzi. Anachoweza kufanya, na ni kikubwa, ni kujua faili linakwama meza ipi, kwenda pale, kuuliza mara ya kwanza na ya tano, na kurudi kumwambia aliyelala njaa kwamba jina lake halimo kwenye orodha ya wiki hii kwa sababu kadha, na kwamba afanye moja, mbili, tatu. Nimewafahamu wawili wa namna hiyo. Hakuna hata mmoja aliyekuwa msemaji wa kusisimua watu. Walikuwa na daftari, na simu zao zilipokelewa.

Kenya nako, fedha na mikutano ya kampeni za vyuo vikuu vilikwisha kufanana na vya wabunge, mpaka sheria ya vyuo vikuu ikarekebishwa mwaka 2016. Sasa wanafunzi wa kila idara au kitivo huchagua kwanza wajumbe watatu, wasizidi wawili wa jinsia moja, na wajumbe hao ndio wanaochagua viongozi wa baraza. Muhula ni mwaka mmoja, na mtu hazidishi mihula miwili. Wapo waliolalamika kwamba wamenyang'anywa kura ya moja kwa moja, na malalamiko yao yana msingi, kwa sababu watu wachache ni rahisi kununuliwa kuliko elfu kumi. Hata hivyo kuna kitu katika mpango ule kinachonivutia: mtu wa idara yako anakutana nawe maabara kila siku. Hawezi kupita mlango wa nyuma wa jiko kwa wiki mbili.

Hili la kupumbazwa na jukwaa si la Afrika peke yake. Marekani, Aprili 1983, katika shule ya sekondari ya Bethel jimbo la Washington, mwanafunzi aitwaye Matthew Fraser alisimama mbele ya wenzake wapatao 600 kumnadi rafiki yake aliyekuwa akigombea nafasi ya uongozi wa wanafunzi. Hotuba yake ilijaa mafumbo ya matusi mwanzo hadi mwisho. Ukumbi ukashangilia, shule ikamsimamisha masomo, na kesi ikapanda mpaka Mahakama Kuu ya nchi, ambayo mwaka 1986 iliamua kwa majaji saba dhidi ya wawili kwamba shule ilikuwa na haki ya kumwadhibu. Wanafunzi wa sheria huisoma kesi hiyo mpaka leo. Rafiki yake alishinda uchaguzi. Katika yote niliyosoma juu ya kesi hiyo, hakuna mahali nilipokuta mtu akiuliza alifanya nini baada ya kushinda. Miaka mitatu ya mawakili na majaji ilikwenda kwenye dakika chache za hotuba, na kazi yenyewe ya uongozi ikakosa hata mstari.

Nirudi Trondheim, nisije nikaonekana nimehamia huku na akili zote. Baraza la wanafunzi la hapa lina udhaifu wake, nami nimeuona kwa karibu kwa kuwa nimekaa kwenye kamati ya wazazi. Vikao vingi huzungumzia mambo madogo: sofa, jiko dogo la kupashia chakula, rangi ya korido. Makubwa, kama shule ipi ifungwe na ipi iunganishwe na nyingine, huamuliwa manispaa, na watoto huombwa maoni wakati uamuzi umekwisha kunukia. Tena watoto wa wageni hujitokeza wachache. Wazazi wao, wengi wetu, tumewaambia wasome na wanyamaze. Mtoto anayezungumza lahaja ya Trondheim tangu utotoni huonekana ana maneno ya kawaida. Wa kwetu akisema yale yale huonekana analalamika. Binti yangu alipata kura chache kuliko alizostahili? Sijui, wala yeye hakutaka tuliongee hilo. Lakini lazima niliandike hapa, kwa wazazi wenzangu wanaosoma wakiwa Oslo, Stavanger na kwingineko: msiwakataze. Mtoto asiyejitokeza darasa la nane hatajitokeza kwenye chama cha wafanyakazi akiwa na miaka 40.

Januari baridi iliingia. Kanuni ya shule yao ni kwamba wakati wa mapumziko makubwa wanafunzi wote hutoka nje, hali ya hewa iwe iwavyo. Darasa likawatuma wawili wao, yule mvulana na binti yangu, waombe ruhusa ya kubaki ndani baridi ikizidi nyuzi kumi chini ya sifuri. Walikwenda. Jibu lilikuwa hapana: hakuna walimu wa kutosha kusimamia ndani na nje kwa wakati mmoja. Nilimwona binti yangu jioni ile mezani, anaandika kwa mkono, anafuta, anaandika tena. Yule mvulana alikuwa mgonjwa, na kesho yake ni yeye ambaye angesimama mbele ya darasa.

"Wataniona sijajitahidi," akaniambia.

Nikamsimulia maharage. Nilikuwa sijawahi kumsimulia mtu, hata baba yake. Nikamweleza mlango wa nyuma wa jiko, na yule mtoto mwenye sahani. Alinisikiliza mpaka mwisho. Halafu akauliza jambo la kitoto na la busara pamoja: "Kwa nini hukuwaambia tu?"

Asubuhi yake aliwaambia. Wakanuna. Mmoja akasema, basi tuulize wazazi kama wanaweza kuja kusimamia kwa zamu. Swali hilo lilifika kwenye kamati yetu Februari, na kwa Jumanne mbili za mwezi huo mimi na baba mmoja tulisimama kwenye ukumbi wa shule tukiwalinda watoto 50 waliokuwa wakicheza karata. Baadaye baridi ikapungua, mpango ukaisha wenyewe.

Na Morogoro? Ile hotuba ya Kiingereza kizito nilikuwa nimeshaituma. Siku mbili baada ya uchaguzi wa darasa la binti yangu nilimpigia simu mtoto wa dada, nikamwomba aiweke pembeni. Nilitegemea ubishi. Nilimuuliza wanafunzi wenzake wanasumbuliwa na nini zaidi, akasema bila kufikiri: vyoo vya wasichana havina milango, wanasindikizana mmoja ashike kanga. Nikamuuliza kama anaweza kuleta milango. Akanyamaza. Nikamwambia basi usiahidi milango. Ahidi siku.

Tulifanya kazi kwenye simu zaidi ya saa moja. Kiingereza tulikibakiza sentensi chache za mwanzo kwa sababu walimu wanakitaka, zilizobaki akaomba ruhusa kwa mwalimu wa taaluma azisome kwa Kiswahili, akapewa. Alisema ataorodhesha hoja zao, atazipeleka ofisini kila Jumatano, na kila Ijumaa baada ya paredi atasimama palepale kusema alichoambiwa, hata kama ni hapana. Hotuba ilichukua dakika moja na nusu. Alishinda kwa tofauti ya kura 11, na aliyeshindwa, yule mwenye Kiingereza, akaombwa naye awe msaidizi wake.

Ijumaa ya tatu nilipata ujumbe mwingine wa sauti. Nyuma yake kulikuwa na makelele ya watu wanaotoka shule, pikipiki, mtu anauza ubuyu.

"Shikamoo mama mdogo. Leo nimesimama. Mkuu wa shule amesema milango haina fungu mpaka kamati ya shule ikae Oktoba. Nimewaambia hivyo hivyo. Wamenizomea, mama mdogo, wamenizomea kweli. Wakati nashuka kuna dada mmoja wa kidato cha kwanza amenyoosha mkono. Nikajua atanitukana na yeye. Akauliza, Ijumaa ijayo utasimama tena? Nikamwambia nitasimama. Akasema sawa, na sisi wasichana tutakuwa tumeandika barua ya kamati, uje uichukue."